Mkwe Mwenye Jina la Marehemu

Siku nyingine zote Donat akiingia kwenye duka la uchapaji alikuwa akisimama kwanza mlangoni, apigepige viatu vyake kwenye ngazi, amchokoze Chance, msichana wa mashine ya fotokopi, kwamba amenenepa au amekonda, kisha ndipo amtazame Adolphine kwa yale macho ambayo yalimfanya asahau anahesabu kadi ngapi. Ijumaa hii hakupiga viatu. Aliingia ametoka kuendesha kamyo ya mizigo, na vumbi lote la njia ya Kasomeno kwenye nyusi, akapita mbele ya Chance kama anapita mbele ya kiti, akaweka bahasha juu ya meza ya kukunjia kadi.

"Gauthier njo nani?" aliuliza.

Adolphine alikuwa na kadi mia mbili za arusi ya watu, anazikunja kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ulisimama. Bahasha ile aliijua. Mwandiko ulikuwa wa tantine Christiane, dada ya baba yake, mwenye kuandika herufi zilizolala upande mmoja kama majani baada ya mvua. *Kwa familia ya Bwana Gauthier Mwansa.* Ndani, kwa maneno mazuri, familia ya marehemu Kapya ilikuwa inawakaribisha nyumbani, Kamalondo, kesho Jumamosi, saa nane ya mchana, waje wajitambulishe.

Yeye alikuwa amepanga kuichapa barua ile mwenyewe, hapa dukani, na kuipeleka mwenyewe. Hakujua kwamba tantine ameona barua ya mashine ni dharau, akachukua kalamu yake na kumtuma mtu moja kwa moja kwa mjomba wa Donat.

"Yomba Stanislas amesoma mara tatu," Donat alisema. "Ameniuliza kama niko na ndugu mwenye yeye hajue. Halafu akauliza kama miye njo ule wa kufichwa."

"Ngoja tutoke inje."

"Hapana. Sema hapa."

Chance akajifanya anatafuta karatasi chini ya mashine, na alikaa huko chini muda mrefu.

Adolphine alianza kusema, akaacha. Alikunja kadi moja, akaikunjua, akaikunja tena mpaka ikaharibika. Mwishowe akafungua droo ya chini, pale walipoweka mfano mmoja wa kila kazi waliyochapa, akatoa programu ya mazishi ya miaka mitatu iliyopita. Kwenye jalada kulikuwa na mzee mwenye kofia ya reli, anacheka upande mmoja wa mdomo. Chini ya picha, kwa herufi nyeusi: *Donat Kapya.*

Aliisogeza mbele ya Donat bila kuisoma kwa sauti. Asingeweza. Tangu utotoni hakuwahi kulitamka jina lile, kwa sababu binti hataji jina la baba yake, na kifo hakikubadilisha kitu.

Donat alitazama picha, akatazama jina, akatazama picha tena.

"Njo maana unaniita Mwansa," akasema polepole. "Mwaka muzima nilifikiri ni mapenzi ya bashofere. Ati unanipenda na jina ya barabarani."

Ndipo Adolphine akamweleza, na akamweleza vibaya. Kwao, watu wa kaskazini ya Katanga, anayebeba jina la marehemu anachukuliwa kama marehemu mwenyewe. Ukimpata njiani mtoto wa miaka sita mwenye jina la babu yako, unamwita babu, unampa peremende. Sasa mwanaume mzima mwenye jina la baba wa msichana aje aombe kumwoa? Siku mama alipouliza kijana anaitwa nani, Adolphine alikuwa na kadi za watu mapajani, bwana arusi Gauthier, na mdomo ukachukua lililokuwa karibu. Aliwaza atalirekebisha wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, mama akasema Gauthier ni jina zuri. Mwezi uliofuata mama akamtumia Gauthier salamu, kisha akaanza kumwombea Gauthier kila jioni, asipate ajali barabarani. Ungemnyang'anyaje mama mtu anayemwombea?

Donat alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia hiyo, na ndiyo iliyomfanya Adolphine ampende: hakukatiza mtu. Lakini leo kusikiliza kwake kulikuwa kama kwa mtu anayesikiliza injini inayokufa.

"Zile salamu ulikuwa unanipa, ati mama anakusalimia," alisema. "Nilikuwa ninazibeba mpaka Kasenga. Kumbe ya mutu mwingine."

"Zilikuwa zako."

"Haina yangu. Miye nilitembea mu manyumba ya bantu toka niko mutoto, Adolphine. Huku miaka mbili, kule miaka tatu. Nguo zilikuwa za batoto ba bengine. Kitu moja tu nilikuwa ninatoka nayo kila nyumba, haikuwa ya mutu mwingine. Na hiyo jina njo umeona nzito."

Alichukua bahasha yake. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kesho asubuhi kuna kamyo ya kwenda Kasomeno kuchukua mahindi, inangoja shofere, na tajiri mwenye kamyo anamngojea jibu leo. Yeye angekuja Kamalondo kama Donat, au asingekuja. Hakutaka kumwona mtu akilia, kwa hiyo alitoka haraka, na kwenye ngazi akajikwaa, yeye ambaye miguu yake ilizoea kuruka kutoka kamyo inayotembea.

Chance alitoka chini ya mashine na karatasi moja mkononi. "Miye ningesema zamani," akasema.

"Nyamaza, Chance."

"Ninanyamaza. Lakini ningesema."

*

Kazi ilimshinda. Alikunja kadi ishirini kinyume, maua yakaingia ndani na majina yakabaki nje, akaomba ruhusa na kutoka. Teksi ilikuwepo, hakupanda. Alitembea kutoka mjini mpaka Kamalondo kwa miguu, anapita watu na watu wanampita, na njia nzima alikuwa anajibishana na Donat ambaye hayupo. Mara amshinde, mara ashindwe. Akifika kwenye kona anasimama, anawaza arudi, anaona kurudi ni wapi, anaendelea.

Lupango ya kwao, ua na nyumba, ilikuwa imeshafagiliwa kwa ajili ya kesho. Mama yake, Mama Delphine, alikaa kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya muhogo. Tantine Christiane alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule anapiga pasi vitambaa vya meza. Tantine alifika tangu Jumatano, na tangu Jumatano hakuna aliyepumua vizuri.

"Umerudia mapema," mama alisema. "Gauthier ameshatoka Kasenga?"

Adolphine alikaa chini, karibu na karai ya sombe, na viatu miguuni. Akasema yote kwa pumzi moja kabla woga haujapata nafasi. Kwamba hakuna Gauthier. Kwamba huyo kijana ni yule yule, wa kamyo, wa mjomba Stanislas, lakini jina lake la ubatizo ni la Papa.

Mikono ya mama ilisimama ndani ya majani. Pasi ya tantine haikusimama, ila ilianza kwenda haraka.

"Ya Papa nani?" tantine akauliza, ingawa alishajua.

"Ya Papa yangu."

Tantine Christiane akaiweka pasi juu ya kisahani chake kwa adabu kubwa. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alivuta kiti, akakaa, akaeleza kama anavyoelezwa mgeni. Kwamba wanawake wa familia hii wameolewa na walevi, wakaolewa na maskini, na mmoja aliolewa na mtu aliyekuwa na wake wawili Likasi, na yote hayo yalizungumzwa yakaisha. Hili halikuwahi kuonekana. Alitaja watoto watatu wa ukoo wenye jina lile. Wote, hata yule wa kunyonya, aliwaita kaka, aliwapigia makofi ya heshima.

"Kesho huyu akiingia pa ile mulango, miye nitamuita nani?" aliuliza. "Mukwe ao kaka? Nitamukimbia ao nitamukumbatia?"

Adolphine aliokota jani moja la sombe, akalipasua.

"Na mutoto wenu wa kwanza," tantine aliendelea, na hapa sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeumwa. "Njo ule tulikuwa tunangojea. Mutoto wa kwanza mwanaume wa Adolphine njo atabeba jina, kaka yangu arudie mu nyumba. Sasa kiti imeshakaliwa na shofere. Kaka yangu atakaa wapi?"

Hapo Adolphine akaelewa kwamba tantine hana hasira. Ana hofu. Na dhidi ya hofu ile maneno yote aliyojibishana njiani hayakumsaidia kitu.

Tantine akafuta macho kwa kitambaa cha meza, akaona amekichafua, akakasirika. Kisha akatoa njia. Mashofere wote wana majina mawili, matatu. Kijana abaki Gauthier. Kwenye kadi Gauthier, kanisani padri anong'one, na hapa nyumbani hakuna aliyesikia kitu. Yeye tantine angekufa nayo moyoni.

Adolphine aliona jinsi ingekuwa rahisi. Kesho saa nane watu wangekaa, soda zingefunguliwa, na jambo lingekwisha. Aliona pia Donat akiwa amekaa kwenye kochi lile, amevaa shati jeupe, anaitwa jina la mtu mwingine mbele ya mjomba wake, na anaitika. Angeitika, kwa ajili yake. Halafu siku moja angeondoka na kamyo kama alivyoondoka kwenye zile nyumba nyingine zote.

"Hapana, tantine," alisema. "Kama ni vile, bora asikuye."

"Basi asikuye."

"Basi miye nitaenda kule eko."

Haikuwa sauti ya matusi. Lakini tantine Christiane alimgeukia Mama Delphine kama mtu aliyepigwa, anangoja mama amkemee binti yake. Mama hakumkemea. Alikuwa anatazama majani ya sombe kama kuna mtu ameyaandika.

*

Saa kumi na moja jioni mjomba wa Donat alibisha hodi.

Barua yenye jina lisilo sahihi unairudisha mwenyewe, hutumi mtu. Mjomba Stanislas alilishika hilo kama amri ya Mungu. Alikuwa mzee wa Kasai, mwalimu wa katekisimu kwa miaka arobaini, suti yake ya kijivu imefungwa vifungo vyote vitatu licha ya joto. Aliketi, akakataa maji, akaweka bahasha juu ya kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mama, hii barua imefika kwangu kwa kosa," alisema. "Mimi sina mtoto wa hii jina."

Mama aliuliza kijana yuko wapi. Mzee akasema yuko barabarani, hapo nje ya mlango wa lupango. Amemleta lakini amekataa kuingia, kwa kuwa hakuna aliyemwita.

Adolphine alisimama. Tantine akamwonyesha kwa jicho akae. Alikaa, lakini nusu ya makalio tu, na sikio lake lote lilikuwa nje, linatafuta kikohozi, hatua, chochote. Nje kulikuwa na kimya na harufu ya tumbako. Donat alishaacha kuvuta sigara tangu Pasaka.

Tantine Christiane, kwa heshima zote, akamweleza mzee shida iliyopo. Mzee alisikiliza huku anakuna goti. Akauliza marehemu alipataje jina lake. Tantine akasema kama wengine: siku ya ubatizo kwenye kambi ya wafanyakazi, padri alifungua kalenda, mtakatifu wa siku ile ndiye aliyempa.

"Huyu wangu hapana," mzee alisema. "Huyu, siku yake, kalenda ilikuwa na jina ingine. Bibi yake akakataa."

Akaeleza kwa mpango, kama darasani. Dada yake, mama ya mtoto, alikufa Kasomeno, mtoto ana siku nane. Bibi akambeba mpaka misioni, akamwambia padri hataki jina la siku. Anataka jina la kueleza hali ya huyu mtoto, ili popote atakapofika, watu wajue. Padri akafikiri, akampa Donatus.

"Ni Kilatini," mzee alisema. "Ule mwenye wametoa. Mwenye wamepana. Nilifundisha batoto ile maneno miaka mingi. Na kila mara nilikuwa ninabaambia: mutu hawezi kutoa kitu mu hewa. Lazima kuwe mikono ya kupokea, bila hiyo haina zawadi, ni kutupa." Akagusa bahasha. "Bibi alileta mutoto kwangu. Nilikuwa na batoto banane. Nilimupokea miaka mbili, halafu nikamupeleka kwa mwingine. Mwingine naye akamupeleka. Njo maisha yake yote. Sikukuya kuomba muwanamuke, mama. Kijana ataomba mwenyewe. Nimekuya kurudisha barua, na kusema: hii jina, hapana kuigusa. Tulimupa kitu kidogo sana zaidi ya ile."

Adolphine aligundua kwamba ameuma mdomo mpaka una chumvi.

Mama Delphine akainuka. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, upande mmoja, upande mwingine, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Christiane," alisema. "Weye ulikuwa unamuita kaka yako na jina yake toka muko batoto. Asubuhi, mangaribi. Ulikuwa unaipiga kelele mu lupango hii."

"Njo kusema?"

"Miye sikuisema hata siku moja. Miaka makumi tatu na ine, Papa Adolphine, Papa Adolphine. Nilikuwa bibi yake, bibi hamuite bwana yake na jina. Akagonjwa, Papa Adolphine. Siku ya kumuzika bote mulililia jina. Miye nililia mudomo wazi, bila kitu ndani." Alikaza kitenge kiunoni. "Usiku nikiwa peke yangu ninajaribu. Haitoke. Ninaona haya, kama msichana. Sasa Mungu ananiletea mutu mwenye anaweza kuitika, na weye unataka nimuite Gauthier."

Tantine alisema, lakini bila nguvu, kwamba mkwe naye haitwi kwa jina. Hata hilo ni mwiko.

"Ninajua. Mutanikata faini ya kuku. Nitalipa hata mbili."

Akatoka. Tantine alimfuata mpaka kizingitini, Adolphine nyuma yake, na mzee Stanislas akabaki ameketi wima na bahasha yake, kwa maana hakuna aliyemwambia asimame.

Mama alivuka uwanja uliofagiliwa. Alisimama kwenye mlango wa mabati wa lupango, mkono juu ya komeo, mgongo wake mdogo ndani ya blauzi ya kazi. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Adolphine aliona mabega yakipanda na kushuka. Mara ya pili ilitoka, si kwa nguvu, sauti nyembamba ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Donat."

Nje sigara ilianguka.

"Mama."

Mama alikaa hivyo, hakufungua. Alisema tena, sasa kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali shambani, na majirani wa upande wa kushoto wakainua vichwa juu ya ukuta. Donat akaitika tena. Mara ya tatu mama alikuwa analia, na hakuficha, na akavuta komeo.

Kijana aliingia ameinama, kofia mkononi. Alikuwa amenawa uso mahali fulani njiani. Vumbi lilibaki nyuma ya masikio tu. Hakumtafuta Adolphine kwa macho, alimtazama mama. Akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu kama alivyofundishwa.

"Barua inasema kesho saa nane," mama alimwambia. "Kesho utakuwa wapi?"

"Kesho kamyo inaenda Kasomeno, mama."

"Na weye?"

"Kamyo inaenda." Ndipo akageuka, akamwangalia Adolphine, na macho yake yalikuwa yamechoka, yana hasira bado, na hayakuondoka. "Miye ninabakia."

Adolphine alitaka kwenda kwake. Alishika mhimili wa mlango. Alikuwa na mengi ya kumwomba msamaha, na alijua Donat angeyasikiliza yote bila kukatiza, na hayangekwisha leo.

Lakini kati yao alikuwa amesimama tantine Christiane.

Alisimama kizingitini na kile kitambaa cha machozi, mrefu, mdomo umefungwa. Donat alimpigia makofi naye. Kwa desturi alipaswa kujibu, na hakujibu. Alimtazama mikono, akamtazama viatu vya vumbi, akamtazama mashavu yaliyoingia ndani ya mtu aliyetoka Kasenga tangu alfajiri bila kupumzika. Hakufanana na marehemu hata kidogo. Mzee Stanislas ndani akakohoa.

Tantine akashuka ngazi moja.

"Kaka," alisema, na neno lilimtoka kama jino. "Umekula?"

"Bado, dada."

Adolphine hakungoja aambiwe. Alipita katikati yao, akachukua sufuria kubwa, na kwenda kuweka maji ya kusongea bukari kwenye moto.